Picha Safi ya Elise

Saa mbili asubuhi hospitalini mjini Arua, Afedra Ritah, mpiga picha za mapafu, ameingiza bamba la eksirei ndani ya sweta yake na kulikumbatia. Analipasha joto. Mtoto akiguswa kifuani na kitu baridi hutapatapa, na akitapatapa picha huharibika.

Mtoto wa leo ni Dumo, miaka mitano, kutoka Dranya kule Koboko. Ana saratani ya damu, anatumia dawa kali, na sasa mafua yamempata. Amesubiri zamu yake kwenye korido moja na watu wazima wanaokohoa hadi kushika ukuta. Ritah ameomba benchi la pembeni kwa watoto kama hawa tangu mwaka juzi. Wakubwa wanasema wanalishughulikia. Benchi, jamani, si jengo.

"Vuta pumzi. Shika hapo hapo," anasema. Picha inatoka. Mapafu meusi, hayana doa.

Night, mama yake Dumo, anaiinua dirishani. "Sista, iko safi. Bwana yangu Tombe alisema kama iko safi, sisi rudi nyumbani. Alifunga mbuzi tayari. Watu ya kanisa nakuja Jumapili kuwekea mtoto mkono."

Ndivyo mambo yalivyo huku. Familia huondoka na picha yao, na picha safi huhesabiwa kuwa uponyaji. Watu hukusanyika, hula, humshika mtoto kichwa mmoja baada ya mwingine. Anayewafungia majirani mlango huambiwa ana maringo, au huitwa jina baya zaidi.

Ritah anafungua kabati na kutoa picha nyingine.

Hiyo ni ya Elise, binti wa Ulrich, Mkongo anayeuza vitenge. Mwaka jana alikuja na saratani ile ile na mafua yale yale. Picha ikatoka safi. Daktari alisema abaki wodini; baba alisema Mungu ametenda. Mtaa mzima wa Oli ukaja kumpokea, wenye afya na wenye makamasi. Wiki haikuisha, akarudishwa akihangaika kupumua. Picha ya pili ilikuwa nyeupe pande zote mbili, mapafu yamejaa ugonjwa.

"Baada ya mazishi Ulrich aliniletea ile ya kwanza," Ritah anasimulia, sauti kavu. "Akasema, 'Mama, onyesha miye fasi yenye bugonjwa ilikuwa.' Nilitafuta. Hapakuwa na mahali pa kuweka kidole. Akaniambia, 'Basi kaa nayo, onyesha wengine.'"

Dawa za saratani, anaeleza, humaliza chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na ugonjwa. Doa jeupe kwenye picha ni alama ya pambano hilo; bila pambano, mapafu yanaweza kuonekana salama huku virusi vimeshaingia. Hakuna aliyeketi na Ulrich kumweleza hayo mapema, na hasira inanipanda ninapoandika.

Sasa Ritah anazishika picha zote mbili kwenye mwanga. Night anatazama hii, anatazama ile.

"Iko sawasawa," anasema. "Huyu mtoto mwingine iko wapi sasa?"

"Ombaci. Tulimzika kule," anajibu Ritah.

Ritah anapanga kuleta benchi lake la nyumbani wiki ijayo, ruhusa itoke isitoke. Zaidi ya hapo anatamani mwaka upite bila kuitoa picha ya Elise kabatini.

Night ameketi sakafuni, Dumo mapajani, simu sikioni.

"Tombe," anasema. "Fungua huyo mbuzi. Sisi hatukuji."