Kitufe cha Nane

Kila alasiri dereva mmoja wa basi huingia na kibodi yake kwapani katika ukumbi wa michezo ya kompyuta anaouendesha Misuk, huko Busan, akaagiza tambi na yai. Mchezoni yeye ni mchawi mfuga pepo, na pepo lake hulisemesha kama mwanawe: "Taratibu, usikimbilie joka."

Leo joka limewazidi nguvu yeye na wachezaji wenzake.

"Bonyeza nane, mjomba! Litoe kafara hilo pepo, upone!" wenzake wanapiga kelele.

Yeye anazidi kulitia pepo lake uhai wake mwenyewe.

"Ukifa nalo linapotea! Faida gani?"

"Najua. Basi twende wote."

Wakafa. Misuk alipokuja kuchukua bakuli, aliitazama ile kibodi. Vitufe vimefutika maandishi kwa kuchakaa. Nane peke yake inang'aa kama mpya.