Niling'oa Majani ya Mtoto wa Wifi Yangu Ili Sendofu Ipendeze

Wifi yangu Adela alikuwa amepiga magoti juu ya tofali za pevingi, mbele ya nyumba yangu, siku ya Krismasi, jembe dogo mkononi. Watu wanakula pilau. Yeye anapapasa zile tofali kama mtu aliyedondosha pete. Kisha akaniinulia macho, akauliza taratibu, "Wifi, mwanangu mmempeleka wapi?"

Nami nikamjibu uongo. Kosa ni langu, nalisema mapema ili mtu asipoteze muda kunitetea. Wapo na wengine, nitawataja, lakini ulimi uliosema uongo ule ni huu wangu.

Nirudi nyuma kidogo unielewe.

Adela ni dada wa mume wangu Festo. Ameolewa Heru Juu, kule Kasulu. Sisi tuko huku Kibondo, kwenye kiwanja cha wazazi wao. Uzazi wake wa kwanza alikuja kujifungulia hapa kwao. Mtoto alikuwa wa kiume, hakumaliza wiki. Festo ndiye aliyechimba, pembeni ya jiko letu la nyasi, na juu yake wakapanda yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini, yale yasiyokauka hata kiangazi. Msalaba hakuna, saruji hakuna. Majani tu. Kila mtu wa nyumba hii alijua.

Kila Krismasi Adela alikuja. Akishuka kwenye gari hasalimii mtu vizuri mpaka apalilie pale. Chakula kikiiva anachukua sahani yake anakwenda kukaa kando ya majani. Namtania, "Wifi, mbona unatukimbia, mboga yangu haina chumvi?" Ananijibu, "Niache mie, leo nakula na mwanangu." Tunacheka. Ndivyo tulivyozoea.

Na huyu Adela ndiye aliyenirudisha duniani. Nilipomzaa binti yangu Sara, damu ilikataa kukatika. Adela ndiye aliyekimbia barabarani kutafuta gari, na kule hospitali akatoa damu yake nikawekewa mimi. Ninavyoandika hapa, nina damu ya Adela mwilini. Uliweke hilo akilini, maana yanayofuata yanatia kinyaa.

Sara akapata mchumba, kijana wa Kasulu mjini, kwao ni watu wa maduka. Nikaanza kuona aibu ya uwanja wangu. Kutwa niko kwenye simu natazama nyumba za watu, mapazia, taa, maua mpaka mlangoni. Shule niliishia darasa la nne, lakini picha hazihitaji kusoma. Roho ikataka. Nikamwita Happy, mpambaji.

Happy akazunguka uwanja mzima kanyoosha simu. Akasema jiko la nyasi livunjwe, linachafua picha. Mbele yote iwekwe pevingi. Kona ya kupigia picha ikae palepale penye majani, na majani yenyewe tuyavishe kwenye tao la kuingilia wageni. Eti mjini watu wanayanunua.

Nikamwambia, "Hapo pana mtoto."

"Mama, mbona sioni kaburi? Wageni watajuaje?"

Nikamgeukia Festo. Alikuwa ameegemea mlango anachokonoa meno.

"Hayo hayafi," akasema. "Ng'oa, tutayapanda tena."

Basi. Aliyechimba mwenyewe kasema. Nikashika shina la kwanza nikavuta. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, likaja bila ubishi. Happy ananirekodi kwa simu, na mimi nikatabasamu. Nilitabasamu, ndugu yangu!

Adela hakufika kwenye sendofu ya kumuaga Sara, alikuwa anamuuguza mumewe. Nilipoambiwa haji, sikusikitika. Nilishusha pumzi.

Sherehe ilipendeza, nisikudanganye. Satini nyeupe, taa za kumetameta, na ile kona wakwe waliipangia foleni kupiga picha. Majani ya mtoto yakasifiwa kuliko maua ya dukani. Mimi napita katikati ya watu nimevimba kichwa. Walipoondoka, nikachukua mashina matatu nikayachomeka nyuma ya nyumba, kando ya mpapai. Yakashika.

Sasa rudi pale kwenye pevingi, Adela amepiga magoti ananiulizia mwanawe.

"Wifi, umesahau," nikamwambia. "Ni kule kwenye mpapai. Hujaona majani yake?"

"Jiko lilikuwa hapa, wifi."

"Uchungu unachanganya mtu. Muulize kaka yako."

Festo akatikisa kichwa kukubali, mfupa wa kuku mdomoni.

Adela akainuka. Akacheka kidogo, akajipiga paji la uso, akasema uzee umemjia mapema. Akaenda kupalilia mpapai. Akachukua sahani yake akala kule. Na Krismasi iliyofuata, vilevile. Mimi namwona dirishani, kijiko kinanishinda.

Kumbe ile video Happy alikuwa anaitumia kutafutia wateja. Kabla na baada. Kabla, ni jiko la nyasi, majani, na mimi nang'oa, meno yote nje. Baada, ni kona ya picha. Ikafika Heru Juu, kwenye simu ya jirani wa Adela aliyekuwa anatafuta mpambaji wa harusi ya mwanawe. Akamwita Adela: njoo uone, si kwenu hapa?

Alikuja na gari la asubuhi. Hakukaa, maji hakutaka. Hakupaza hata sauti.

"Miaka miwili nimekula na mpapai, wifi," akasema. "Na nikakubali kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili."

Akaondoka. Hajarudi tena.

Happy nilimpigia, akaifuta video, akaniambia yeye kazi yake kupamba, ruhusa tulimpa sisi. Ni kweli, ila aliambiwa hapo pana mtoto. Juzi Sara alikuja na mwanawe anayejifunza kutembea, akamshika mkono asikanyage zile tofali. Hata mimi siku hizi naingia kwangu kwa mlango wa nyuma.

Wewe unayejiandaa na sikukuu, pamba, sikukatazi. Lakini kabla fundi hajashika koleo, zunguka uwanja na wenye uwanja. Uliza kila mmea nani aliupanda na kwa nini. Ukiambiwa hapo pana mtu, paache kama palivyo, na picha mkapigie barabarani.

Nimejaribu kung'oa tofali nimwonyeshe Adela mwanawe. Sijui nianzie wapi. Jiko ambalo lingenielekeza halipo, kona ya picha Happy aliikunja akaondoka nayo, udongo ulisawazishwa wote. Anayejua mahali penyewe ni mtu mmoja, naye kakimbilia vibarua Kasulu. Nilipompigia alisema yamepita, na zile tofali ni gharama.

Festo, nakutaja hapa kwa sababu simu yangu hupokei tena. Wewe ulichimba kwa mikono yako siku ile, dada yako akiwa ameketi mlangoni anakutazama. Unapajua. Njoo usimame mbele ya Adela, uweke mguu wako pale, useme ni hapa. Tofali usijali. Nitazing'oa mimi, kung'oa nimeshazoea.