Mbuzi wa Posa Ndani ya Ofisi ya Wadi

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshazoea, maana hadi leo nikipita sokoni Garsen kuna watu wananililia "mee".

Kazi yangu ni kulinda ofisi ya wadi, yaani nashika ufunguo, kwa sababu ulinzi wenyewe unafanywa na kidude cha ukutani (hakina hata waya) kinachopeleka habari Hola, makao makuu ya kaunti, kitu chochote kikitikisika ndani, kisha Hola wanawapigia polisi na mimi. Siku hiyo nilikwenda kumposa Mariamu, binti wa Mzee Jilo, jirani wa nyuma ya ofisi, na mjomba wangu alikuwa ameshikilia kwamba si adabu mbuzi wa posa kuonekana kabla ya maneno kukubaliwa, basi nikawaza, wapi salama kuliko ofisini? Nikawafungia mle mbuzi wote wawili na, kwa mazoea, nikawasha kile kidude.

Tumekaa mkekani, Mzee Jilo anasafisha koo atoe jibu, simu ikalia. Hola wanauliza kuna nani ofisini. Nikisema mbuzi, kazi imekwenda, na wakwe wanasikia. Nikasema ni wezi, wawili, na walipouliza sura nikababaika nikasema mmoja ana ndevu.

Ole wangu! Mzee akaruka na fimbo, eti mkwe wake hapigani peke yake, wajomba wakafuata, kina mama wakabeba michi, na gari la polisi likatukuta pale mlangoni. Nikasema labda wameshatoroka, lakini ndani kitu kikaanguka. Afisa akaamuru watoke mikono juu, wasitoke, nikalazimishwa kufungua, akatoka beberu anatafuna pazia la serikali, na mwenzake nyuma, wote na utepe mwekundu wa posa shingoni.

Polisi walicheka hadi wakakaa chini. Mzee Jilo hakucheka, na hapo ndipo nilipoumia.

"Mwanangu," akasema polepole, "leo umewasingizia mbuzi wako mwenyewe. Kesho mambo yakikubana utamsingizia nani, kama si binti yangu?"

Mbuzi nikarudi nao.

Kazi waliniachia, baada ya kulipa pazia. Siku hizi Hola wakipiga natoa ukweli kabla ya salamu, hata kama ni popo. Mariamu ameolewa Kilelengwani.