Picha ya Mama Peke Yake

Juzi, katika duka moja la Old Kampala, niliona kamera ndogo ya dijitali kama ile aliyokuwa nayo baba. Muuzaji alipoiwasha, lenzi ilichomoza kwa mlio mwembamba, na papo hapo nikaisikia harufu ya dawa na sabuni iliyojaa chumba chetu cha Kyebando.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, shangazi alimvisha mama gauni lake la kanisani, akalibana mgongoni kwa pini kwa sababu lilikuwa limempwaya. Nilidhani tunakwenda harusini. Nikakimbia kuvaa viatu, nikaja kusimama kando ya kiti chake.

"Sogea kidogo, Akinyi," baba aliniambia. "Hii ni ya mama peke yake."

"Kwa nini?"

Mama alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Nikipata nguvu tutapiga nyingine, sisi sote."

Nilikwenda kununa mlangoni. Baba alipiga, akaitazama picha kwenye kioo cha kamera, kisha akatoka nje. Nilifikiri imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Tulipompeleka mama kuzikwa nyumbani Kisumu, niliikuta imekuzwa na kutiwa fremu, imewekwa juu ya jeneza. Watu walikuwa wakilia kwa sauti. Mimi nilimvuta baba shati.

"Baba, ile yetu sote tutapiga lini?"

Alinibeba, akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma.