Nilichagua Waliojua Kunipigia Makofi

Nilisikia makofi kabla sijaona hata paa la shule. Gari lilikuwa bado linakata vumbi la Guta, vioo vimefungwa, na makofi yale yakatupenyea humo humo: mazito, ya pamoja, kama mvua inayopiga bati kwa amri ya mtu. Mwenye akili angejiuliza anapigiwa makofi kwa lipi, na hata kushuka hajashuka. Mimi nilirekebisha kola.

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu lina sura ya msichana. Nitamwita Nyanjige, ingawa si jina lake. Alikuwa kidato cha tatu, mpenda hesabu, na shule aliiweza kwa sababu kulikuwa na nyumba moja ya kulala. Nyumba hiyo niliivunja mimi, bila kugusa tofali hata moja.

Mimi ni mtoto wa Butiama, kazi yangu iko Musoma mjini. Kuna familia moja ya wafadhili, watu wema wanaoishi mbali, iliyoamua kuwasomesha wasichana wa vijiji vya kando ya ziwa. Hawakutaka msaada wa msimu mmoja. Walitaka kutembea na watoto hao miaka mingi, wao na wadogo zao watakaofuata. Wakanipa kazi moja tu, nitafute mshirika wa kushikana naye mkono safari yote hiyo.

Kutafuta sikujua. Nilijua kupokelewa.

Na pale Guta nilipokelewa. Wenyeji wangu walikuwa taasisi moja ya Bunda, jina lake nalihifadhi. Mkurugenzi, mtu mnene wa sauti laini, alinifungulia mlango wa gari kwa mkono wake.

"Karibu sana, Dokta."

Mimi si dokta wa kitu chochote. Nilitaka kumsahihisha, lakini bango lilikuwa limeshachapwa, na picha yangu, na huo udokta, na maua pembeni. Nikaona nitawaharibia bango.

Wafadhili walikuwa wameniagiza niulize swali moja kila nitakapokwenda. Nikamuuliza.

"Katika kazi hii, mmewahi kushindwa wapi?"

"Dokta, sisi kushindwa hatujawahi."

"Hata mtoto mmoja kuacha shule?"

"Hata mmoja. Sisi tuna mifumo."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona mifumo. Kisha wanafunzi wakaimba wimbo wenye jina langu kwenye kiitikio. Niambie wewe, nani angesikia jina lake kwenye kiitikio akaendelea kuuliza maswali?

Siku iliyofuata nikaenda Murangi kuwaona washindani wao, kikundi cha akina mama. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wao, ndiye mama yake Nyanjige, alinitazama miguuni.

"Wewe kijana, sogea huku. Hapo kuku wamechafua."

Jana Dokta, leo kijana.

Sekondari ilikuwa mbali na vijiji vyao. Zamani wasichana walikuwa wakipanga vyumba mtaani peke yao, na yanayowakuta wasichana wanaopanga peke yao mnayajua. Ndipo akina mama wakaomba nyumba kuukuu jirani na shule, wakawaweka watoto pamoja, wakapangiana zamu. Mama anaacha dagaa wake kwenye chanja, anaacha mihogo shambani, anakuja kulala nyumba moja na wasichana wote kama watoto wake wa kuwazaa. Anawapikia, anawaamsha, anajua nani amerudi na nani bado. Anayekacha zamu anasemwa kikaoni mbele ya wote.

Mimi nilifika siku ya kusemana.

"Mama Masatu, zamu yako ulikuwa wapi? Watoto wamelala wenyewe."

"Nilikuwa naumwa."

"Unaumwaga kila siku ya mnada!"

Wakacheka. Mama Masatu hakucheka.

"Na wewe? Ule uji uliowapikia, ng'ombe angekataa."

"Uji wangu angalau niliupika nikiwepo."

Ikawa vurugu, mikono juu, vitenge vinafungwa upya viunoni. Hakuna aliyenyamaza kwa ajili yangu. Nikapenyeza swali langu kwa shida.

Mama Nyanjige akajibu bila kuzunguka. "Tumeshindwa. Mwaka huu kuna msichana ameozwa, tukachelewa kwenda kwa baba yake. Mwingine aliacha hivi hivi, tulizubaa. Hiyo ni aibu yetu, ndiyo maana unaona tunagombana."

Nilirudi Musoma nikawapigia simu wafadhili. Nikawaambia akina mama hawana umoja, tena wenyewe wamekiri kushindwa. Wale wa Bunda ni kitu kimoja, nikasema, hata makofi yao yanaanza pamoja na kuisha pamoja. Walikuwa mbali, waliniamini.

Taasisi ikakabidhiwa nyumba ile ya akina mama. Ikapakwa rangi, ikasimikwa kibao kipana kuliko mlango. Mkurugenzi akawakusanya akina mama, akawaambia kwa ile sauti yake, "Sasa mama zetu mpumzike, wataalamu tumekuja." Akaajiriwa mlezi mwenye cheti na shati lenye nembo. Nani atalala sakafuni nyumbani kwa watu wenye mlezi wa mshahara? Zamu ikafa. Kikao nacho kikafa, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kusema wala wa kusemwa.

Kila nilipotaka kutembelea nilitoa taarifa mapema, maana mimi ni mtu mstaarabu. Kila nilipofika nyumba inang'aa, mlezi anatabasamu, wasichana wamepangwa kwa urefu. Nikasifu sana utulivu.

Nisingejua lolote mpaka leo, kama si msiba ulionipitisha njia ile Jumapili moja bila taarifa. Mlezi hayupo. Nikaambiwa anakaa Musoma, anakujaga siku za wageni. Wasichana wachache walikuwa jikoni wanapuliza moto wenyewe. Nikamuulizia Nyanjige.

"Alishaacha shule," akajibu mmoja, macho kwenye sufuria.

"Kwa nini?"

"Aliumwa homa, akalala humu ndani. Sisi tukienda darasani anabaki mwenyewe. Mlezi hakujua mpaka akapona. Basi akasema, kama hakuna hata wa kuniuliza nimeshindaje, namsomea nani? Akabeba godoro lake."

Nilimpigia Mkurugenzi. Alinisikiliza kwa upole wote.

"Dokta, huyo hakuacha shule. Kwenye mifumo yetu anasomeka amehitimu mapema, kuelekea stadi za maisha."

Hizo stadi za maisha nilizikuta mwaloni Musoma, mitumbwi inaposhushia samaki. Nyanjige alikuwa anaparua magamba ya sato, mikono imechanikachanika, na magamba yamemganda hadi kwenye nyusi, yanametameta juani kama kitu cha thamani. Akaniamkia. Nikamwomba arudi shule.

"Nirudi kulala kwenye rangi?" akasema, kisu hakisimami. "Akina mama wakirudi na zamu zao, nitarudi. Mlezi wako sitaki kumwona."

Nilikwenda kuwaambia wafadhili ukweli, na mimi mwenyewe nikiwa ndani ya ukweli huo. Taasisi ikaondolewa, ikaacha kibao. Kisha nikaenda kwa akina mama, tukakutana kwenye nyumba ile ile, nikaungama kama ninavyoungama kwenu: udokta, bango, kiitikio, vyote.

"Kwa hiyo ulituacha kwa sababu tunagombana," akasema Mama Masatu.

"Ndiyo, mama."

"Na tukianza upya, halafu tukagombana, hao watu wako watakimbia tena?"

"Sijui."

"Miaka mingi wataiweza, au watatuchoka?"

"Sijui, mama. Nitawauliza."

"Angalau leo hujui," akasema, na wenzake wakaguna.

Wewe uliyepewa dhamana ya kuchagua nani ashike watoto wa wenzako kwa miaka mingi, usiende na taarifa. Ingia kwenye kikao ambacho hakikuandaliwa kwa ajili yako, ukae, usikie wakisemana. Mahali ambapo hakuna anayemkaripia mwenzake kwa ajili ya mtoto, huenda hakuna anayemwangalia mtoto. Na ukiitwa cheo usicho nacho, kikatae kabla hakijakukaa vizuri.

Nilidhani tumemaliza. Nikatoa kalamu, nikauliza tuanze zamu lini, nimpelekee Nyanjige habari mwaloni. Mama yake akainuka. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hatujakukubali bado. Safari ile ulichagua wewe, tukanyamaza. Sasa ni sisi tunachagua, na hatuwezi kukusema vizuri ukiwa umekaa hapa."

"Nisubiri, mama?"

"Subiri ukitaka. Tutakuita, au hatutakuita."

Nikatoka. Akaufunga mlango.