Mguu Mzito

Harufu ya saruji mbichi chini ya gunia lililoloweshwa maji siivumilii hadi leo. Mwezi uliopita jirani yangu alijenga kibaraza, akakifunika kwa magunia na kukinyunyizia maji asubuhi na jioni, nami nikafunga madirisha ya upande ule wiki nzima. Aliniuliza kama vumbi linanisumbua. Nikamjibu ndiyo, ni vumbi tu. Ninyi nitawaeleza ukweli.

Kwetu ni Kalama, karibu na mji wa Machakos, mahali ambapo mto huwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima na maji siku chache tu. Miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la tano, akina mama wa kijiji chetu waliamua kuukata mto ule kwa ukuta. Waliunda mwethya, kikundi cha kufanya kazi pamoja, wakajenga kwa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakija yangeleta mchanga, mchanga ungejaa nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji ndani yake, nasi tungechimba na kuteka papo hapo kiangazi chote badala ya kutembea na punda nusu siku. Mwenyekiti wa mwethya alikuwa Mama. Alibeba mawe tangu mavuno yalipoisha, na saruji ikampasua vidole mpaka akashindwa kusokota kamba za kusukia vikapu vya kiondo. Kuna wanaume sokoni waliosema kwamba ukuta wa wanawake utaondoka na mvua ya kwanza. Jioni ile Mama alipasua kuni nyingi kuliko tulizohitaji.

Fundi wa ukuta aliitwa Kimeu, mtu mnene mwenye hasira za karibu. Kazi ilipoisha aliufunika ukuta kwa magunia, akatuita mimi na binamu yangu Mwende, akatupa wajibu wa kuunywesha. Saruji isiponyweshwa hupasuka, kwa hiyo kila jioni baada ya shule tulichota maji kwenye shimo la mchangani, kibuyu kwa kibuyu, tukamwaga juu ya magunia hadi yakatiririka.

"Hii ukuta bado ni mtoto," Kimeu alituonya akitutikisia mwiko wake wa kazi. "Mtu asiikanyage. Maji ikipata hata tundu ya kuingiza kidole, itakula yote."

Tuliitikia kwa heshima zote. Shida ni kwamba mimi nilikuwa na mchezo wangu.

Sikuwa mtoto wa kucheza michezo ya wengine. Bladda na kati ziliniboesha kwa sababu sheria zake zilikuwa zimeshatungwa, na mimi nilipenda kutunga. Karibu mwaka mzima nilikuwa nikibuni mchezo wa kupima mizani ya mwili, wa miguu peke yake, na uwanja wangu ulikuwa kingo za yale matuta ya fanya juu yanayozuia udongo shambani. Unaweka jiwe juu ya mguu wa kulia, unauinua, unaruka kwa mguu wa kushoto ukifuata ukingo. Jiwe la mviringo lilidondoka upesi mno. Jiwe zito lilimchubua Mwende, akalia. Mwishowe niliamua kwamba jiwe halali ni bapa, la ukubwa wa chapati ndogo. Mikono ilianza ikiwa nyuma ya mgongo, lakini Mwende aliangukia kidevu, nikairekebisha sheria, ikawa mikono kiunoni. Sehemu niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya katikati ya safari. Hapo unasimama, unahesabu hadi kumi, kisha unahamisha jiwe kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuligusa kwa mkono: unaushusha mguu wenye jiwe juu ya mwenzake, unauinamisha pole pole, na jiwe linateleza kuvuka. Hilo peke yake lilinichukua wiki tatu. Mchezo niliuita Mguu Mzito, na usinicheke, mpaka leo sijaona mchezo uliotungwa vizuri kuliko huo.

Ulipungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni hofu. Ukianguka kutoka kwenye tuta unaangukia nyasi. Halafu nikapewa ukuta ulionyooka, wenye upana wa nyayo zangu mbili, ambao chini yake kulikuwa na mahali pa kuangukia kweli.

Siku nne nilijizuia. Siku ya tano nilikunja magunia ya upande wa ukingoni, ambapo ukuta haukuwa mrefu sana, nikaruka mara moja, nikafika. Nikaruka tena, nikageuka, nikahamisha jiwe. Nasema kweli, sijawahi tena kujisikia mwepesi namna ile. Mwende hakutaka. Nilimwambia kwamba asiyeruka atateka maji peke yake wiki nzima, maana sheria nilikuwa nazitunga mimi.

Aliruka mara tatu. Ya nne alitua pembeni kabisa, na jiwe moja la ukuta likang'oka chini ya kisigino chake kama jino la mtoto, likaanguka mchangani. Mwende aliangukia magoti upande wa pili. Hakuumia sana. Tulibaki tukilitazama shimo lile, kubwa kiasi cha kuingiza kichwa cha mbuzi.

"Twende tuambie shangazi," Mwende alisema. Shangazi yake ndiye Mama.

"Ukisema, mimi nitasema ni wewe umeivunja."

Ndivyo nilivyomwambia, na bado naona aibu. Tulilirudisha jiwe mahali pake, tukalishindilia kwa udongo wa mfinyanzi, nikalipaka saruji iliyochujuka kutoka kwenye gunia ili rangi ifanane. Tukafunika. Kimeu alipokuja kuondoa magunia baada ya siku nyingi alipita palepale akipiga mluzi, asione kitu, nami badala ya kufurahi nikasikia baridi.

Sasa kilichobaki ni mvua.

Huku kwetu watu hupanda kwenye vumbi, kabla tone halijaanguka, ili mbegu ziwahi maji ya kwanza. Mashamba yote yalikuwa yamepandwa. Kila mtu alitazama upande wa vilima, na kila Jumapili kanisani tulipiga magoti kuiomba mvua, akina mama wakiinua mikono, wengine wakitokwa na machozi. Mimi nilipiga magoti kando ya Mama, nikafumba macho, nikamwomba Mungu asiilete. Mtoto wa Ukambani! Nilimsihi awanyime watu wote wale mvua, kwa sababu maji yangelipata tundu langu, yangeubomoa ukuta, na wale wanaume wa sokoni wangecheka mbele ya Mama.

Mvua haikuja. Wiki ya kwanza niliona nimesikilizwa. Wiki ya pili mawingu yalikusanyika yakatawanyika, na mchwa wakaanza kula mbegu ardhini. Wiki ya tatu nilimkuta Mama shambani amechuchumaa, akifukua shimo moja baada ya jingine kwa kidole, na humo hamkuwa na kitu. Hapo nikaogopa kwa namna nyingine. Nikiacha kuomba, ukuta unaanguka. Nikiendelea, tunakufa njaa. Nilijaribu kuomba mvua ndogo, ya kunyunyiza, isiyofika mtoni. Chakula kilinishinda. Nilitia tonge mdomoni likazunguka huko lisishuke, na Mama akaanza kunigusa paji la uso akidhani ni malaria.

Kisha ikaja Ijumaa ya mbegu. Nilirudi shuleni nikamkuta Mama uani na karai la maharagwe, akiyaosha jivu. Maharagwe ya mbegu ndiyo yaliyohifadhiwa kwa jivu ili wadudu wasiyale, na hayo ndiyo yalikuwa ya kupandia tena kama ya kwanza yangeharibika. Yakishaoshwa yanaenda chunguni pamoja na mahindi, yawe isyo. Mama aliyasugua taratibu, maji yakageuka kijivu, akayamwaga, akatia mengine.

"Mwaitu, hizo si ni za kupanda?" nilimuuliza.

"Tutapanda wapi, Nduku? Leo tutakula isyo. Labda hiyo utakula."

Nikapiga yowe. Nilisema yote kwa pamoja, ukuta, jiwe, Mwende, udongo, maombi yangu kanisani, na kwamba ni mimi niliyezuia mvua. Nilimwambia anichape. Mama aliendelea kusugua maharagwe mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Ni jiwe gani?" aliuliza.

"Ya mwisho, upande wa kwetu."

"Haya. Leta kuni."

Hakuna fimbo iliyowahi kunitesa kama zile kuni. Nilingoja aseme jambo hadi nikalala.

Asubuhi ya Jumamosi alifunga nusu mfuko wa saruji mgongoni kwa kamba, tukampitia Kimeu, tukashuka mtoni. Kimeu alikalia ukuta palepale penye kosa langu, akaligonga jiwe kwa nyundo, likatoka. Akaingiza mkono shimoni, akagonga ndani. Akainua macho kumtazama Mama. Walisogea kando wakazungumza maneno machache ambayo sikuyasikia, nami nilisimama hapo nikijua kwamba wanakadiria jinsi ukuta utakavyoanguka.

Kimeu alirudi na uso wa mawe. "Wewe ndio ulikuwa unaruka hapa?"

"Ndio."

"Onyesha."

Nilidhani ananikejeli, lakini Mama naye aliniashiria kwa kidevu. Nikaokota jiwe bapa, nikaliweka mguuni, nikapanda. Miguu ile iliyoruka kama mbuzi ilikataa kuinuka hata mmoja. Jiwe likadondoka kabla sijaanza.

"Basi chunga mchanga," Kimeu alisema. "Leo fundi ni wewe."

Nilichekecha mchanga, nikateka maji, nikachanganya saruji kwa jembe hadi viganja vikatoka malengelenge. Nililipachika jiwe kwa mikono yangu mwenyewe, na Kimeu akanifundisha kulishindilia kwa mpini wa nyundo. Lakini sikutosheka. Nilimwonyesha mahali pengine nilipotua. "Na hapa pia niliruka," nikasema. Kimeu alimtazama Mama. "Mpakie," Mama akasema. "Na hapa." "Mpakie." Tulikwenda hivyo hatua kwa hatua, kila mahali mguu wangu ulipowahi kugusa, jua likipanda, hadi mfuko ukaisha na Mama akaukung'uta. Adhuhuri ile nilikula sahani mbili za isyo nikalala palepale mkekani.

Mvua ilinyesha Alhamisi mchana. Kwanza tulisikia mto kabla ya kuuona, mngurumo kutoka juu, na kijiji kizima kikakimbilia ukingoni. Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo na kizimba cha kuku cha watu, yakaupiga ukuta, yakarushwa juu. Mama alinishika bega. Vidole vyake viliniuma sana, nami sikuthubutu kusogea. Nilikodolea jiwe langu macho mpaka maji yakalifunika. Yakapanda, yakavuka juu ya ukuta yakamwagika upande wa pili, na ukuta ukabaki pale pale. Akina mama walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Aliketi chini matopeni na kitambaa chake kipya cha kichwa, akacheka hadi akakohoa.

Tulipanda upya kwa mbegu za kuomba kwa ndugu, tukavuna kidogo. Mwende alinisamehe kabla sijaomba. Mguu Mzito niliuhamishia jikoni. Sakafu ya jikoni kwetu ilisakafiwa nusu tu, kutoka mlangoni hadi katikati, kisha ilikatika ghafla ikawa udongo, na ule ukingo wa saruji ulikuwa mwembamba vizuri, wa kufaa mchezo wangu. Niliruka hapo hadi nikamaliza shule ya msingi.

Mwaka huu nilikwenda kumwona Mama, nikateremka mtoni. Ukuta upo. Mchanga umejaa hadi juu, na watu wanateka. Tabaka la saruji nililolipaka limebanduka lote miaka mingi iliyopita. Hata jiwe langu halipo. Shimo liko wazi, mjusi amehamia humo, na kwa ndani nilipochungulia kuna ukuta mwingine mzima, mnene, ambao haujawahi kutikisika. Nilikaa palepale alipokalia Kimeu na unene wake wote asubuhi ile, nikajihisi mjinga.

Nilimuuliza Mama jikoni, akiwa anachambua kunde.

"Fundi alijua?"

"Aligonga mara mbili akaniambia, Mama Nduku, hii jiwe ni ya kusawazisha tu, haibebi kitu. Hata ikitoka, ukuta iko sawa."

"Sasa mbona mlitengeneza?"

"Ulikuwa hujakula siku ngapi?" Alipuliza maganda. "Ningekuambia haina shida, ungeniamini? Nilimwambia achanganye simiti."

Nilipotaka kujibu, kiti changu kiliyumba. Miguu yake miwili ilikuwa juu ya saruji na miwili juu ya udongo, kwenye ule ukingo niliouruka miaka yote. Nusu mfuko ule wa saruji tulioshuka nao mtoni ulikuwa umekaa kwenye kona hii hii, juu ya mawe, umefunikwa nailoni, ukimngoja Kimeu aje kumalizia sakafu Jumamosi ile ile. Nilikuwa nikiuona kila siku. Sikuwahi kujiuliza saruji ya siku ile ilitoka wapi, wala kwa nini mama yangu alipika kwenye vumbi maisha yake yote.

Nilimwambia kesho naleta fundi. Nilikuwa nalia, na sikuficha. Mama aliokota kijiwe bapa kando ya jiko, mahali ambapo inaonekana hukaa siku zote, akainama akakisukuma chini ya mguu wa kiti changu.

"Sasa kaa," akasema. "Haitayumba."