Sarafu Iliyokatwa Pembe

Kijiji cha Chonyonyo kilikuwa na daktari mmoja wa sarafu, na cheo hicho alijipa mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyekuwa na haraka ya kumpa. Sostenes alikuwa na migomba iliyosinyaa, mtamba mmoja mweusi, simu yenye kioo kilichopasuka, na elimu yote ya sarafu ambayo simu hiyo iliweza kumtapikia. Tangu uvumi uingie kwamba kuna matajiri wa ng'ambo wanaonunua sarafu zilizokosewa kiwandani kwa bei ya gari, watu walimletea vyuma vyao barazani, naye aliwapokea kwa dharau.

Aliyeleta sarafu iliyopinda aliambiwa akaliulize trekta lililoikanyaga. Mwenye sarafu yenye tundu aliulizwa msumari alioutumia ulikuwa wa inchi ngapi. Mama mmoja alileta ya kwake, imegeuka rangi baada ya kulala kwenye mtumbwi wa kuchachushia pombe ya ndizi. Sostenes akainusa, akamwambia sarafu yake si adimu, imelewa tu, aiache ilale.

Chini ya kejeli hizo kulikuwa na somo la kweli, tumpe haki yake. Alifundisha kwa ng'ombe, kwa kuwa huku hata asiye na ng'ombe anajua ng'ombe.

"Kuna enkungu, aliyezaliwa bila pembe," alikuwa akisema, "na kuna aliyekatwa pembe. Kwa mbali wote vipara. Sarafu iliyokosewa kiwandani ni enkungu, imezaliwa hivyo. Hii yako imekatwa pembe, tena kwa panga butu."

Akieleza zaidi, alisema kosa la kuzaliwa hutokea pale chuma kinapokatwa na kugongwa muhuri: picha ikae upande, au igeuke kichwa chini. Kinachotokea sarafu ikishatoka kiwandani ni ajali tu. Na ajali, alimalizia, huacha alama upande mmoja. Hilo la mwisho hata simu haikumwambia. Alilitunga mwenyewe, na kwa kuwa alilisema kila siku, akaishia kuliamini.

Sasa, pale kijijini alikuwepo mzee Anastazi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Kazi yake ilikuwa kukaanga kahawa ya kikundi cha akina mama kwenye pipa la chuma linalozungushwa na mota. Alikuwa na umri wa kumzaa Sostenes, lakini Sostenes hakuwahi kumpa shikamoo. Alimwita "wewe Anastazi", kama anayefukuza kuku.

Siku moja Anastazi alimwonyesha sarafu ya shilingi mia tano. Alitaka kujua jambo moja tu, kama dukani wataipokea. Ilikuwa ndogo kuliko nyingine za aina yake. Ukingo wake ulikuwa umevimba na kujikunja kwa ndani, mzunguko mzima, laini kama mdomo wa chungu, na nyati wa katikati kabanwa kama yuko zizini. Haikuwa na mkwaruzo. Rangi yake ilikuwa ya karanga iliyokaangwa vizuri.

"Nimeikuta ndani ya pipa nilipolifungua kulisafisha," Anastazi alisema. "Imezunguka humo na kahawa msimu mzima."

Sostenes alisikia kila neno. Ila tangu lini mkaanga kahawa akamfundisha daktari? Uvimbe ulikuwa sawa pande zote. Kwa sheria yake mwenyewe, hiyo haikuwa ajali. Akaamua kwamba mzee ameiokota pabaya na anaficha. Hata harufu ya kahawa aliyoisikia aliitupia mikono ya Anastazi.

Akatoa mtamba wake ili wabadilishane. Anastazi alicheka, akarudia habari ya pipa. Sostenes akadhani anapandisha bei, akaongeza mkungu wa ndizi. Mwishowe mzee akaipokea kamba ya mtamba, kwa upole ule tunaoutumia kwa wagonjwa.

Tatizo ni kwamba mtamba yule alikuwa na mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuahidiwa kuwa mahari kwa mzee Tumwesigye wa Songambele, mfugaji, baba wa Kemirembe, mchumba wa Sostenes, na bila mtamba hakuna Kemirembe. Sostenes hakuona shida. Mkwe angepewa sarafu, angeiuza, angenunua kundi zima na kumshukuru.

Basi siku ya kwenda kukabidhi ikafika. Baba yake mdogo alikuwa mshenga, na hakuwa ameambiwa lolote zaidi ya kwamba mtamba "atafika". Walitafuna punje za kahawa ya wageni, wakasifu malisho. Wenyeji walipouliza mnyama yuko wapi, Sostenes akafungua leso. Baba mdogo akapaliwa na punje ya kahawa.

Tumwesigye aliishika ile sarafu kama mtu aliyebandua kupe.

"Hii inakamuliwa wapi?" aliuliza.

Dada yake, shangazi Prudensia, aliichukua na kuinusa. Akasema inanukia kahawa. Sostenes, bila kuulizwa, akamwaga somo lake lote, enkungu na aliyekatwa pembe, mbele ya watu waliozaliwa zizini. Walimsikiliza kwa adabu. Adabu ya wafugaji ikizidi, ujue umekwisha.

"Mwanangu, enkungu tunawajua," Tumwesigye alisema. "Kabla ya kununua tunapapasa. Aliyekatwa pembe ana kisiki chini ya ngozi. Wewe ndiye daktari. Papasa."

Prudensia akachomoa pini kwenye kitenge chake, akampa.

Sostenes akapitisha ncha ya pini chini ya ule mdomo uliovimba. Vilikuwemo visiki. Maandishi ya ukingoni yalikuwa yamezama nusu chini ya mkunjo, herufi baada ya herufi, mzunguko mzima. Ziligongwa zikiwa wazi, kisha ukingo ukapigwapigwa na kuzilalia. Sarafu hii ilizaliwa nzima, na pipa likaikata pembe polepole, pande zote sawa.

Angeweza kudanganya. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua kusoma sarafu, na Kemirembe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo analolijua kweli, na hakukuwa na mtu ambaye yeye angemkejeli kwalo.

"Imekatwa pembe," alisema.

Tumwesigye akamrudishia leso yake, sarafu ikiwa ndani, akasema arudi na kitu chenye miguu minne. Prudensia alimsindikiza hadi nje, akamdodosa mpaka akajua habari za pipa na za mzee asiyepewa shikamoo.

"Na huyo mwenye pipa," alimwambia, "anza kwa kumwamkia."

Pipa lilikuwa linazunguka Sostenes alipofika kwa Anastazi. Akina mama walikuwa wanachambua kahawa, na hakuna aliyejifanya hamwoni.

"Shikamoo, mzee Anastazi."

"Marahaba. Nilikwambia imetoka wapi?"

"Kwenye pipa."

"Mota inapiga kelele. Sema tena."

Sostenes akasema tena, kwa sauti ya kuwatosha akina mama wote.

Anastazi akaenda kumfungua mtamba. Alikuwa amekwisha kumpeleka kwa dume la kisasa, kwa hiyo ndama wa kwanza, alisema, atarudi kwake, na hilo wasibishane. Sostenes hakubisha. Akamnyooshea ile sarafu.

"Kaa nayo," Anastazi alisema, akirudi kwenye moto wake. "Mimi nilitaka tu kujua kama dukani wataipokea. Nenda nayo, ukipata jibu uniambie."